Kupima ubora wa huduma katika kituo cha wazee, Mwanza na kando ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayetafuta mahali pa kumweka baba, mama, bibi au babu, na ya yule ambaye mzee wake tayari yuko kituoni na moyo wake haujatulia. Mengi utayakagua mwenyewe kwa macho, pua na daftari. Machache yanahitaji nesi au afisa ustawi wa jamii.

Kituo cha wazee kinatakiwa kufanya nini ambacho nyumbani hatuwezi?

Kumsaidia mzee kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kumeza dawa kwa wakati na kutembea bila kuanguka, saa 24, na kugundua mapema anapobadilika. Kituo si hospitali. Mzee anayehitaji oksijeni, dripu au kidonda kikubwa kusafishwa kila siku hapaswi kubaki hapo bila nesi mwenye leseni, hata kama mwenye kituo anasema "tutamudu".

Kuna makazi ya serikali, kama ya Bukumbi wilayani Misungwi, yanayopokea wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Huko mzee anapitia ustawi wa jamii. Kuna vituo vya mashirika ya dini na vituo vya kulipia. Halafu kuna nyumba za kawaida za kuishi ambamo mtu anatunza wazee wanne au watano bila kibao mlangoni. Maswali yaliyo hapa yanafaa kote, ila hizo za mwisho zikague kwa ukali zaidi, kwa sababu hakuna mwingine anayezikagua.

Nikifika, nianze kuangalia wapi?

Usianze sebuleni. Marumaru, televisheni na maua ya plastiki ni vya mgeni. Salimia, kaa kidogo, kisha omba kuona chumba cha mzee mgonjwa kuliko wote, kwa ruhusa yake au ya ndugu zake. Tafuta yule asiyeweza kusema wala kuinuka, na kama yupo ambaye hatembelewi na mtu, huyo hasa. Mzee mwenye mdomo na watoto wanaopiga simu kila jioni atahudumiwa hata kwenye kituo kibovu. Asiye na sauti ndiye anayeonyesha kituo kinafanya nini pasipo na shahidi.

Mtazame mambo matano: midomo (imekauka au imepasuka?), kucha (zimekatwa, ni safi?), macho (yana tongotongo la tangu asubuhi?), shuka chini ya makalio (kavu?), na maji (kikombe kipo, na mkono wake unakifikia?). Kikombe kilichojaa juu ya kabati upande wa mkono uliopooza ni pambo.

Pua nayo inapima. Harufu ya mkojo kwenye chumba kimoja saa moja asubuhi ni jambo la kawaida, maana mtu amejikojolea na atabadilishwa. Harufu iliyoingia kwenye godoro, mapazia na korido yote ni ya miezi. Na harufu kali ya dawa ya kusafishia peke yake, siku waliyojua unakuja, haithibitishi usafi.

Niende muda gani?

Nenda mara tatu, na walau mara moja bila taarifa. Ziara ya kwanza iwe ya miadi, uzungumze na msimamizi. Ya pili iwe saa sita na nusu mchana, watu wakiwa mezani. Ya tatu iwe Jumapili jioni au saa mbili usiku, zamu ya mchana ikiwa imeondoka. Kituo kina haki ya kuweka saa za kutembelea na kukuzuia usiingie watu wakiogeshwa. Ila kinachosema ndugu asije kabisa bila kupiga simu siku moja kabla, hicho kiache.

Usikipime kituo Oktoba 1. Siku ya Wazee Duniani kila kitu kimefuliwa, sabuni na sukari za wageni zimepangwa mezani, na wazee wamekalishwa kwenye mstari tangu saa mbili asubuhi wakisubiri hotuba.

Wahudumu wangapi wanatosha?

Usiulize "mna wahudumu wangapi". Utajibiwa jumla ya walioajiriwa, pamoja na mpishi, mlinzi na aliye likizo. Uliza hivi: "Jana saa tisa usiku, nani alikuwa macho, na kulikuwa na wazee wangapi wasioweza kujigeuza?"

Kisha fanya hesabu mbele yao. Mzee asiyejigeuza hugeuzwa takribani kila baada ya saa 2. Kumgeuza, kukagua ngozi, kubadilisha nepi na kumpa maji ni kama dakika 10. Wazee 8 ni dakika 80. Mhudumu mmoja amebakiwa na dakika 40 katika kila saa 2 kwa ajili ya wanaoita kwenda chooni, anayekohoa na anayetangatanga korido, bila yeye kukaa. Tena mzee mzito hugeuzwa na watu wawili. Mmoja akimvuta peke yake anamburuza, na kuburuza ndiko kunakochuna ngozi. Kwa hiyo mhudumu mmoja wa usiku kwa wazee 8 wa kitandani maana yake hawageuzwi, kitabu kiseme kisemavyo.

Chakula nacho kina hesabu yake. Kumlisha mzee aliyepata kiharusi kwa usalama huchukua dakika 20 hadi 30. Anayelisha sita peke yake anamfikia wa mwisho baada ya saa 2, ugali umeshakuwa jiwe. Au anawashindilia.

Uliza pia wahudumu wanakaa muda gani kazini. Ukikuta wote wana chini ya miezi mitatu, mishahara haitoki au msimamizi hakaliki naye.

Vidonda vya kulalia: nitajuaje kama vinazuiwa kweli?

Swali hili tunalijibu kwa urefu, kwa kuwa kidonda cha mgandamizo kinasema ukweli kuliko msimamizi yeyote. Kinatokea pale mfupa unapoibana ngozi dhidi ya godoro au kiti mpaka damu inakosa njia. Kinaweza kuanza ndani ya saa chache, na kikifika kwenye mfupa kinachukua miezi kupona, kama kitapona.

Sehemu za kukagua ni juu kidogo ya mfereji wa makalio, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega nyuma, kisogo na masikio. Visigino husahaulika, sababu watu hawavui soksi. Vua.

Dalili ya kwanza vitabuni ni wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huuoni. Angalia pawe peusi zaidi au zambarau kuliko pembeni, kisha weka mgongo wa mkono wako: pana joto au ubaridi tofauti, pamekuwa pagumu au tepetepe, mzee anakunja uso? Mhudumu anayejua kazi atakwambia haya mwenyewe ukimuuliza "kwa bibi mweusi kama huyu unaangalia nini?"

Muulize na wanachopaka. Akisema wanasugua pale penye alama kwa spiriti au mafuta ili damu itembee, hapo pana shida. Kusugua ngozi iliyoanza kufa kunaiua upesi zaidi. Vivyo hivyo ule mto wa duara wenye tundu, au tyubu ya tairi inayowekwa chini ya makalio: inabana pembeni na kuzuia damu isifike katikati. Kinachotakiwa ni kumlaza kwa mshazari wa kama nyuzi 30, mto mgongoni, mto kati ya magoti, na mto chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee hewani. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu naye anatakiwa kuinuliwa au kuegemezwa upande mwingine mara kwa mara. Kukaa saa sita mfululizo "apate hewa" ni kulala juu ya mifupa miwili.

Omba kuona karatasi ya kugeuza. Ikiwa imejazwa saa 2:00, 4:00, 6:00, 8:00 kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila siku hata moja ya kuchelewa, imejazwa mara moja mwisho wa zamu. Karatasi ya kweli ina saa 4:20, ina "amekataa", ina doa la chai.

Kidonda kimoja hakimaanishi kituo ni kibaya. Wapo wazee waliofika nacho kutoka nyumbani au wodini. Ndiyo maana siku ya kumpeleka mzee wako mkague mwili mzima pamoja na nesi wa kituo, mwandike kila alama, mpige picha yenye tarehe, mtie saini wote wawili. Bila hivyo baadaye kila upande utamtupia mwenzake lawama.

Chakula na maji nivipimeje?

Kwa mizani. Mzee apimwe uzito siku ya kuingia na kila mwezi, kwa mizani ileile, na uandikwe. Kupungua 5% ndani ya mwezi mmoja, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, au 10% ndani ya miezi sita, kunahitaji daktari na maelezo. Asiyeweza kusimama apimwe akiwa kwenye kiti kisha uzito wa kiti utolewe. Kama hilo haliwezekani, wapime mzunguko wa mkono wa juu kwa tepu, palepale kila mwezi. "Huyu tangu zamani mwembamba" si kipimo.

Mezani, tazama anavyokaa. Mzee mwenye shida ya kumeza anakaa wima, kidevu kimeshuka kidogo, na anabaki wima dakika 30 baada ya kula. Anayelishwa amelala, kichwa kimeinuliwa kwa kiganja, chakula kinamwingia mapafuni. Ukisikia kikohozi kila baada ya kijiko, au sauti ya majimaji kooni akimaliza kunywa, mwambie msimamizi hapohapo.

Vyakula vya huku vina mambo yake. Sato ni mtamu, lakini miba yake kwa mtu asiyeona vizuri na asiye na meno ni hatari. Mnofu wa sangara uliochambuliwa ni rahisi zaidi. Dagaa wakavu waliowekwa chumvi hawamfai mwenye presha au moyo kila siku. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula cha kumbukumbu, na mzee wa Kisukuma atavifurahia, ila viwe vimelainishwa kabisa. Ugali wa muhogo unaonata ukikwama kooni ni balaa. Jiko zuri linajua nani anakula uji mzito, nani laini, nani wa kawaida, na orodha hiyo imebandikwa ukutani kwa majina.

Maji: kwa kawaida lita 1.5 hadi 2 za vinywaji kwa siku, isipokuwa daktari amepunguza kwa sababu ya moyo au figo. Wazee wengi hawasikii kiu, wengine wananyima koo makusudi wasijikojolee. Mkojo wa rangi ya chai, ulimi mkavu, kuchanganyikiwa ghafla: hizo ndizo dalili. Kuvuta ngozi ya mkono kuona kama inarudi hakusaidii kwa mzee, ngozi yake imelegea kwa umri. Na kituo kinachowanyima wazee maji kuanzia saa kumi jioni ili kupunguza kufua shuka kimepunguza kazi kwa kuongeza ugonjwa.

Dawa zinasimamiwaje?

Kila mzee awe na karatasi yake: jina la dawa, kipimo, saa, na saini ya aliyempa baada ya kumeza. Dawa zikae kwenye kabati lenye kufuli, kila mtu na kisanduku chake. Ukiona mhudumu anabeba vidonge vya watu watano kiganjani, au vimepangwa kwenye sahani ya chai, simama uulize.

Hesabu mwenyewe. Vidonge 30 vilinunuliwa tarehe 1, kimoja kwa siku, leo jioni ni tarehe 18 na cha leo ameshapewa: vinatakiwa kubaki 12. Vikibaki 17 amerukishwa. Vikibaki 6 vimekwenda kwa mwingine.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Umeme ukikatika siku nzima, wana mpango gani? Na mwenye kuchomwa insulini lazima ale kwa wakati. Muulize mhudumu wa zamu, si msimamizi: "Babu mwenye kisukari anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo. Unafanya nini?" Jibu sahihi: kupima sukari; ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama hakuna kipimo, kumpa vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, kurudia kupima baada ya dakika 15, kisha chakula. Akiwa hajitambui, hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali. Anayejibu "namlaza apumzike" hajafundishwa.

Tangu aingie kituoni baba ametulia sana, analala mchana kutwa. Si vizuri?

Huenda si vizuri. Mzee aliyekuwa mbishi na mwenye maneno, akageuka kondoo ndani ya wiki, anaweza kuwa anapewa dawa ya usingizi au ya akili ili asisumbue zamu. Omba orodha kamili ya dawa, na kwa kila mpya uliza nani aliiandika, tarehe gani, kwa sababu ipi, na itaangaliwa upya lini. Diazepamu na haloperidoli zinamwongezea mzee hatari ya kuanguka, kupaliwa na vidonda. Usizikatishe ghafla wewe mwenyewe; mpeleke kwa daktari na orodha hiyo mkononi.

Kulala huko kunaweza pia kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, kukosa maji au huzuni ya kuachwa. Mabadiliko ya ghafla ya akili kwa mzee ni ugonjwa mpaka vipimo viseme vingine.

Ameanguka mara mbili. Ni kosa la kituo?

Si lazima. Mzee anayetembea anaweza kuanguka, na kituo ambacho hakuna anayeanguka kamwe huenda kimewafunga vitini. Kumfunga mtu kwa khanga kwenye kiti au kitanda "kwa usalama wake" kunaleta vidonda na kukabwa, na ni unyanyasaji.

Kinachopimwa ni walichofanya baada ya mara ya kwanza. Waliandika saa, mahali, alikuwa anakwenda wapi, amevaa nini miguuni? Wengi huanguka usiku wakielekea chooni: taa hakuna, sakafu ina maji, kandambili zimelegea. Dawa yake ni taa ya njiani, kishikizo cha chuma kilichofungwa kwa nati ukutani (kitikise kwa nguvu), kiatu chenye kisigino kilichofungwa, na kumpeleka chooni kabla hajaomba, kila saa 2 au 3. Walimpima presha amelala, kisha amesimama baada ya dakika 1 na 3? Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, pengine dawa za presha ndizo zinazomwangusha.

Akianguka akaumia nyonga, mguu mmoja ukaonekana mfupi na umepinda nje, asisimamishwe wala kukandwa. Wapo wanaokanda kwa maji ya moto siku tatu kabla ya kupiga simu.

Mama amepoteza kumbukumbu. Nitazame nini zaidi?

Lugha. Aliyejifunza Kiswahili ukubwani, ugonjwa wa kusahau unaweza kumrudisha kwenye lugha ya kwanza: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya. Mhudumu asiyejua neno hata moja atasema "bibi hasikii" au "bibi mkorofi". Anayeanza asubuhi na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, akaitikiwa ameshafanya nusu ya kazi ya kumwogesha.

Sikiliza wanavyoeleza tabia yake. Bibi anatembea usiku, anaongea na waliokufa, anasema ameibiwa kitenge chake. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Usukumani vikongwe wenye macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa jikoni wa miaka mingi, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na fikra hizo haziachwi getini. Mhudumu anayenong'ona kwamba "yule bibi wa chumba cha mwisho si mtu wa kawaida" ataacha kumgusa, na kidonda kitafuata. Ukilisikia hilo, nenda kwa msimamizi. Asipolichukulia kwa uzito, mwondoe mzee wako.

Mengine ni mafupi. Geti lifungwe kwa namna ambayo mzee hawezi kupotelea barabarani wala ziwani, lakini mhudumu afungue upesi moto ukitokea. Mlango wa chumba uwe na alama anayoitambua. Wasibishane naye.

Maji, mbu na usafi?

Kuwa karibu na ziwa si kuwa na maji bombani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku. Wazee 12 kwa kiwango cha chini kabisa ni lita 600, na wenye kujikojolea wanahitaji zaidi. Tangi la lita 1,000 halifiki siku mbili, kwa hiyo uliza mgao ukikatika siku nne inakuwaje.

Wakichota ziwani moja kwa moja, kuna kichocho. Maji hayo yakitulia siku mbili kwenye tangi safi lisilo na konokono, vimelea vyake hufa na yanafaa kuogea. Ya kunywa yachemshwe au yatibiwe. Chandarua kiwe juu ya kila kitanda, hakijatoboka, na kinashushwa jioni kabla mbu hawajaingia. Choo kiwe cha kukaa, au cha shimo chenye kiti imara juu yake. Damu na kinyesi vikimwagika sakafuni, wajue kuchanganya klorini: ya 3.5%, sehemu 1 kwa maji sehemu 6.

Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake uning'inie chini ya kiwango cha kibofu bila kugusa sakafu, na umwagwe ukifika theluthi mbili.

Usiku wa manane akizidiwa, itakuwaje?

Tembea njia hiyo mwenyewe. Mwanza ni mawe na milima, na nyumba nyingi za vilimani gari halifiki mlangoni. Kumshusha mtu aliyepooza ngazi 60 gizani kunataka watu wanne na machela. Uliza gari ni la nani, dereva analala wapi, hospitali gani wanaanza nayo, nani anakwenda naye, na nani anatoa fedha ya kuanzia. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda na Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa; kituo kilichozoea kazi kina karatasi ya muhtasari wa kila mzee, yenye magonjwa, dawa, mzio na namba za ndugu, tayari kuchomolewa.

Kwa Ukerewe na vijiji vya visiwani fikiria mara mbili. Hospitali ya wilaya ipo Nansio, lakini rufaa kwenda Mwanza inavuka maji, na kivuko kina ratiba yake.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikorogeka, waandike saa dalili zilipoanza. Hilo ni swali la kwanza la daktari.

Nitajuaje kama kimesajiliwa?

Omba kuona cheti, andika namba, kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri husika. Jijini ni mbili: Jiji la Mwanza kwa upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela. Uliza kama wanakijua kituo hicho, mara ya mwisho walikwenda lini, waliagiza kirekebishwe nini. Cheti cha biashara au leseni ya nyumba ya wageni si usajili wa kutunza wazee. Nesi anayetajwa awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, yenye jina lake mwenyewe.

Mkataba uwe na nini?

Ada inajumuisha nini na haijumuishi nini, kwa maandishi. Ugomvi mwingi hutokea kwenye nepi, dawa, usafiri wa hospitali na mtu wa kukaa naye wodini. Hesabu nepi kabla ya kusaini: 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, na bei yake inaweza kukushtua. Pia ada ikipanda mtaarifiwa muda gani kabla. Mzee akiondoka katikati ya mwezi kinarudishwa nini. Akifariki nani anapigiwa kwanza na mwili unapelekwa wapi. Usisaini kipengele kinachosema kituo "hakitawajibika kwa lolote". Na usiache kadi ya benki ya mzee, namba yake ya siri wala hati ya kiwanja mikononi mwa kituo.

Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Kama anastahili, hakikisha kitambulisho chake kipo kituoni.

Mimi niko Dar es Salaam. Nitakaguaje?

Simu ya video inaonyesha uso ulionawishwa. Omba kamera ishuke: visigino, kikombe, shuka, mizani. Piga saa tofauti. Kisha mtafute mtu wa Mwanza aende kwa miguu yake kila wiki, shangazi, jirani wa zamani au mtu wa jumuiya ya kanisa au msikiti, umpe nauli ya daladala na maswali manne tu: amekula nini jana, uzito wa mwezi huu, vidonge vimebaki vingapi, ngozi ikoje. Akurudishie namba, si "hajambo".

Mzee anasema hajala, wahudumu wanasema amekula. Nimwamini nani?

Uzito, kama ulivyoelezwa juu. Kwa leo, angalia sahani ya chakula kijacho: wengine huandika "amekula" kwa sababu sahani ilipelekwa na ikarudi.

Nimeona michubuko. Nifanye nini?

Alama za vidole mikononi juu, michubuko ya siku tofauti, kushtuka mhudumu fulani anapoingia, nguo za ndani zenye damu: usianze kwa kugombana. Zungumza na mzee faragha, kwa lugha yake. Piga picha, andika tarehe na maneno yake kama alivyoyasema. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ili pawe na maandishi ya daktari. Akiwa hatarini, asirudi. Taarifa iende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukizungushwa, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kwa mambo madogo, kama nguo zilizopotea au chai baridi, anza na mhudumu, kisha msimamizi kwa barua yenye tarehe, na mpe siku 7. Baki na nakala.

Wengi hunyamaza wakiogopa mzee atalipiziwa. Hofu hiyo ina msingi. Njia ya kuipunguza ni kuongeza ziara wiki mbili zinazofuata malalamiko, za saa zisizotabirika, na ndugu tofauti.

Niwape wahudumu chochote?

Ukimpa mmoja fedha mkononi, mzee wako atabadilishwa shuka na huyo mmoja tu, na siku asipokuwepo wenzake watasema "msubirini mtu wenu". Leta kitu cha zamu zote: sabuni, glavu boksi moja, sukari ya chai ya usiku. Mkabidhi msimamizi mbele ya wahudumu, liandikwe.